Marafiki Sita, Usiku Saba: Namna ya Kupanga Safari Fupi ya Japani

Swali: "Sisi ni marafiki sita tuliosoma chuo pamoja. Wanne tunaishi Dar es Salaam, mmoja yuko Nairobi na mmoja Muscat, na sote tuna pasipoti za Tanzania. Tunataka kwenda Japani mwishoni mwa Machi mwakani kuona maua ya sakura, lakini likizo zetu zimekutana kwa siku kumi tu, zikiwemo za kusafiri. Orodha yetu ina Tokyo, Mlima Fuji, Kyoto, Osaka, Nara na Hiroshima, na mwenzetu mmoja anang'ang'ania Hokkaido. Wawili kati yetu hawali nguruwe wala hawagusi pombe. Je, tununue ile pasi ya treni ya nchi nzima? Na tupange vipi ili tuone mengi na turudi tukiwa bado tunasalimiana?"

Jibu: Ndugu msomaji, nimesoma orodha yenu mara mbili, na kabla ya kugusa habari ya pasi naomba tufanye hesabu ambayo makundi mengi huiruka. Likizo ya siku kumi haiwapi siku kumi za Japani. Hakuna ndege ya moja kwa moja kutoka Dar es Salaam wala Nairobi kwenda Tokyo. Mtapitia Doha, Dubai au Addis Ababa, na saa za Japani ziko mbele ya zetu kwa saa sita. Mkiondoka Ijumaa alasiri mtatua Tokyo Jumamosi usiku, macho yakiwa mazito, na ili muwe nyumbani siku ya kumi itabidi mpande ndege ya kurudi usiku wa siku ya tisa. Kinachobaki ni usiku saba wa kulala, siku sita kamili za kutembea, na ile siku ya mwisho ambayo mtu hutembea akiwa na begi mkononi. Ndiyo maana huwa nawaambia wasafiri wahesabu usiku badala ya siku, kwa sababu usiku ndio unaolipiwa hoteli na ndio unaoonyesha mmehama mara ngapi.

Kuhama ndiko kunakokula safari. Hoteli nyingi za Japani humtaka mgeni atoke saa nne au saa tano asubuhi, na haziwapokei wageni wapya vyumbani hadi saa tisa alasiri. Kwa mtu mmoja, pengo hilo ni kikombe cha kahawa. Kwa watu sita wenye mabegi sita ni nusu siku nzima: mmoja yuko bafuni, mmoja anatafuta chaja, mmoja amesahau pasipoti kwenye droo, na mkifika kituoni mnakuta makabati ya kuhifadhia mizigo yamejaa tangu asubuhi, kama ilivyo kawaida katika kituo cha Kyoto msimu wa maua. Kwa usiku saba, kundi lenu lilale sehemu mbili tu. Ushauri wangu ni usiku tatu wa mwanzo Tokyo na usiku nne unaofuata Osaka, na miji mingine muifikie kwa kwenda na kurudi siku hiyohiyo.

Mwenzenu wa Hokkaido mpeni pole. Treni ya mwendokasi ya shinkansen ilifika kisiwa hicho mwaka 2016, lakini inaishia Shin-Hakodate-Hokuto, mbali na Sapporo, mji mkuu wa kisiwa hicho, na mwishoni mwa Machi huko bado kuna theluji. Maua yao huchanua mwishoni mwa Aprili na mwanzoni mwa Mei. Safari ya Hokkaido ni safari yake yenyewe. Mlima Fuji nao, wenye mita 3,776, haupandwi mwezi huo, kwani msimu wa kuupanda ni Julai hadi mwanzoni mwa Septemba. Kuutazama hakuhitaji siku ya peke yake. Mkitoka Tokyo kwenda Osaka, wekeni nafasi za viti vya herufi E, ambavyo katika mabehewa ya kawaida viko dirishani upande wa kulia, kisha kaeni macho kuanzia kama dakika arobaini baada ya kuondoka. Hali ya hewa ikiruhusu, mlima utakuwa hapo mzima mbele yenu, pamoja na viwanda na nyaya za umeme zilizo chini yake. Ikiwa mawingu yameufunika, aliyewahi kulala Moshi akisubiri Kilimanjaro ijitokeze hahitaji kufafanuliwa.

Tiketi ya ndege inunueni ya kuingilia Tokyo na kutokea Osaka, yaani uwanja wa Kansai, ule uliojengwa juu ya kisiwa cha kutengenezwa na binadamu. Mashirika makubwa ya Ghuba hutua katika miji yote miwili, na tiketi ya aina hii mara nyingi haizidi sana bei ya ile ya kwenda na kurudi uwanja mmoja. Anayerudi Tokyo kwa ajili ya kupanda ndege tu hutupa yen 14,000 na zaidi za treni, na hutupa pia asubuhi nzima. Upande wa Tokyo, mkipata ndege inayotua Haneda ichukueni, kwa kuwa Narita iko kama kilomita 60 kutoka katikati ya mji, na treni za mijini hukoma kupita karibu na saa sita usiku.

Sasa pasi. Hadi Septemba 2023, pasi ya nchi nzima ya siku saba ilikuwa yen 29,650, na wakati huo karibu kila mgeni aliambiwa ainunue bila kufikiri. Oktoba ya mwaka huo ilipanda hadi yen 50,000, lakini ushauri wa zamani bado unazunguka mitandaoni kana kwamba hakuna kilichobadilika. Tazameni safari zenu: Tokyo hadi Osaka, kwenda tu, ni kama yen 14,500, Osaka hadi Hiroshima na kurudi ni kama yen 21,000. Jumla ni karibu yen 36,000, na bado pasi hiyo huwatoza nyongeza mkipanda Nozomi, treni zenye kasi zaidi katika njia hiyo. Msiinunue. Nunueni tiketi ya kawaida ya Tokyo hadi Osaka, kisha chukueni pasi ya siku tano ya kampuni ya reli ya JR Magharibi inayohudumia Kansai, yaani eneo la Osaka na miji jirani, pamoja na Hiroshima, ambayo huuzwa kwa bei iliyo chini ya nauli ya kwenda na kurudi Hiroshima peke yake. Ratiba ikiwa kama nilivyoipanga, siku hizo tano zinaanza siku mnayofika Osaka na kumalizika siku ya kuondoka, na ndani yake mna treni za kampuni hiyo za kwenda Kyoto, Nara na Kobe, pamoja na treni ya uwanja wa ndege. Kwa safari ndogondogo za mjini kila mmoja awe na kadi yake ya kugusisha getini, kama Suica au ICOCA. Kadi moja haiwezi kupitisha watu wawili kwa pamoja.

Viza ndiyo itakayowapima kama kundi. Kila mmoja huomba katika ubalozi wa Japani ulio katika nchi anayoishi kihalali, kwa hiyo mtakuwa na maombi katika balozi tatu: Dar es Salaam, Nairobi na Muscat. Miongoni mwa nyaraka kuna ratiba ya kila siku inayoonyesha mtalala wapi, na hapo ndipo marafiki hujiangusha wenyewe, pale mmoja anapoandika Kyoto, mwingine Osaka, na wa tatu bado ana Hokkaido kwenye fomu yake. Mtu mmoja aandike ratiba, wote sita wailete ileile neno kwa neno, na kila mmoja aeleze wazi kwamba anasafiri na wenzake watano. Viza ya kawaida ya mgeni wa muda mfupi ni ya kuingia mara moja, na lazima itumike ndani ya miezi mitatu tangu itolewe, hivyo kuomba Novemba kwa safari ya mwishoni mwa Machi ni kuharakisha bure. Ikiwa nyaraka zimekamilika, kazi huchukua kama siku tano za kazi. Zikipungua husogea wiki kwa wiki. Ombeni mwanzoni mwa Februari. Vyumba, kwa upande mwingine, viwekeni mapema kadiri iwezekanavyo, ila vya masharti ya kufuta bila malipo, maana wiki ya sakura ni miongoni mwa wiki ghali kuliko zote za mwaka. Tiketi isiyorudishwa fedha isinunuliwe na yeyote kabla viza ya mwisho kati ya hizo sita haijatoka, hata kama bei inapanda na mwenzenu anawahimiza.

Kuhusu Osaka badala ya Kyoto najua nitapingwa. Kyoto ndiyo yenye mahekalu na ndiyo kila mtu anayotaka kuamkia. Hata hivyo, katika wiki hiyo vyumba vya Kyoto hupanda bei kupita kiasi, migahawa hufunga mapema, na mabasi hujaa wageni hadi wenyeji wanakosa pa kusimama. Kutoka Osaka hadi Kyoto kwa treni ya kawaida ya haraka ni nusu saa, na kutoka hapo hadi hekalu la Fushimi Inari, lenye maelfu ya milango myekundu inayopanda mlimani, ni vituo viwili. Hekalu hilo halina kiingilio na halifungwi. Mkilifikia saa moja asubuhi mtasikia nyayo zenu wenyewe kwenye mawe. Mkilifikia saa tano mtasikia kila lugha ya dunia. Kiyomizu-dera nalo hufungua saa kumi na mbili asubuhi. Kyoto ya kundi ni Kyoto ya alfajiri, na ikifika adhuhuri ondokeni mwende Nara, ambako swala wanaoinamisha kichwa kuomba biskuti watawashughulisha wote sita bila ubishi.

Hiroshima ni saa moja na nusu kutoka Osaka kwa shinkansen, na muda ukibana ningekata Nara kabla ya kuikata. Katika jumba la makumbusho la Amani kuna saa za mkono zilizosimama saa mbili na robo, dakika ambayo bomu lililipuka asubuhi ya Agosti 6, 1945, na kuna baiskeli ya magurudumu matatu ya mtoto, imebaki kutu na vyuma vilivyopinda. Sijaona kundi lililotoka humo likizungumza. Msipange karamu jioni hiyo. Pandeni kivuko kwenda kisiwa cha Miyajima, mle chaza wa kuchoma kwa anayekula, kisha mrudi Osaka taratibu.

Sasa nifike kwenye sehemu ya swali lenu ninayoiona kubwa kuliko zote, ile ya kurudi mkiwa bado mnasalimiana. Japani ni nchi ya viti vichache. Miaka kadhaa iliyopita nilikuwa na kundi la watu saba Tokyo, saa sita na nusu mchana, kila mtu njaa imemshika. Tukakuta mgahawa mdogo wa tambi wenye harufu ya kitunguu na mvuke dirishani, tukaingia kwa mstari. Ndani kulikuwa na stuli nane mbele ya kaunta, tano zina watu. Mpishi aliinua macho, akatuhesabu kwa kidole, kisha akapishanisha mikono yake kifuani kwa alama ya X. Hakuwa na ukali wowote. Ndiyo ishara yao ya "haiwezekani". Tulijibiwa vivyo hivyo katika milango mitatu mingine, na ilipofika saa nane tulikula matonge ya wali ya dukani tukiwa tumesimama, huku wawili wamenuniana kwa sababu mmoja alisema tangu mwanzo tugawanyike na mwingine akakataa.

Nilichojifunza siku hiyo ni kwamba watu sita Japani ni makundi mawili ya watu watatu. Teksi ya kawaida hubeba abiria wanne, kwa hiyo sita ni teksi mbili. Stuli tatu hupatikana karibu kila mahali, sita hazipatikani. Gawanyeni kundi mkiwa bado nyumbani, si barabarani na njaa, na mfanye mzunguko ili wale watatu wasiwe walewale kila siku: asubuhi mwende pamoja kwenye jambo kubwa la siku, mchana kila watatu wale wanakotaka na watembee wanakotaka, jioni mkutane mezani. Chakula cha jioni ndicho cha kuwekea nafasi kwa watu sita, na mkishaiweka muende, kwa kuwa kutokutokea bila taarifa ni utovu wa adabu mkubwa huko, na mgahawa mdogo unaweza kuwatoza. Mkiketi katika baa ya vyakula, ile iitwayo izakaya, mtaletewa kisahani kidogo ambacho hamkukiagiza na mtakilipia. Ni ada ya kukaa. Bakshishi haitolewi, na ukiiacha mezani mhudumu anaweza kukukimbilia barabarani akidhani umesahau fedha zako.

Kwa wenzenu wawili wasiokula nguruwe wala kugusa pombe, tatizo liko kwenye mchuzi zaidi kuliko kwenye nyama inayoonekana. Supu nyingi za tambi za rameni huchemshwa kwa mifupa ya nguruwe hata kama juu yake kuna kuku, na mirini, mvinyo mtamu wa mchele, hutiwa katika michuzi ambayo mtu hawezi kuishuku. Wajifunze kuitambua herufi 豚 ya nguruwe na 酒 ya pombe kwenye vibandiko. Hizo mbili zitawasaidia kuliko kamusi nzima. Mtaa wa Asakusa jijini Tokyo una migahawa ya halali, na karibu na kituo cha Yoyogi-Uehara upo msikiti wa Tokyo Camii, wa mtindo wa Kituruki, ambao jengo lake la sasa lilifunguliwa mwaka 2000. Mkiwa Osaka, mji wa Kobe uko chini ya nusu saa, nao una msikiti wa kwanza wa Japani, uliojengwa mwaka 1935 na kusalimika katika vita na katika tetemeko la ardhi la 1995. Wakiwa huko kuswali, wanne mliobaki mna mchana mzima wa bandarini.

Fedha ziendesheni kama kamati ya harusi. Mchagueni mweka hazina mmoja asiye na haya ya kudai, na siku ya kwanza kila mmoja atie yen 20,000 katika mfuko wa pamoja wa teksi, viingilio na vyakula vya mezani, kwa sababu migahawa mingi midogo haipendi kugawa bili mara sita na mingine hupokea taslimu tu. Mashine za ATM zilizo katika maduka ya 7-Eleven hukubali kadi za nje. Ziarifuni benki zenu kabla ya kuondoka. Mfuko ukipungua, wote huongeza sawa, na anayetaka nyama ya ng'ombe ya bei ya pikipiki hujilipia mwenyewe.

Jambo jingine ni letu sisi Waswahili. Kundi moja nililolisaidia lilikosa treni kwa sababu kiongozi aliandika kwenye WhatsApp "tukutane saa 2", akimaanisha saa mbili asubuhi, na mwenzake aliyezoea saa za kazini akasoma saa nane mchana. Mabango ya vituo vya Japani hutumia saa 24. Ratiba nzima iandikwe hivyo, 08:00 au 14:00, hata kama mdomoni mnaendelea kusema saa zetu. Mahali pa kukutania pawe mlango wa kituo wenye jina au namba, maana kituo cha Shinjuku kina milango zaidi ya 200 na kusema "tukutane nje ya Shinjuku" ni sawa na kusema tukutane Kariakoo. Mkubaliane pia kwamba mlango wa treni ukifungwa mmoja akiwa amebaki jukwaani, waliopanda washuke kituo kinachofuata na kusubiri hapohapo, naye aje na treni ya nyuma yake. Asiwepo wa kurudi, msije mkapishana.

Mabegi makubwa yana kanuni yake katika shinkansen ya Tokyo hadi Osaka: likizidi jumla ya sentimita 160 za urefu, upana na kina, mwenye nalo awe ameweka nafasi ya kiti chenye sehemu ya mizigo nyuma yake. Njia bora zaidi ni kuyakabidhi mapokezi ya hoteli ya Tokyo asubuhi ya siku ya nne yasafirishwe hadi hoteli ya Osaka, ambako kwa kawaida hufika kesho yake, nanyi msafiri na mikoba ya mgongoni. Hii ni huduma ya kawaida kabisa huko, na kwa kundi ina thamani kuliko kiingilio chochote.

Dawa za mafua zipekueni kabla ya kufunga mizigo. Zile zenye pseudoefedrini nyingi, zinazouzwa bila shida katika maduka ya dawa ya nchi nyingine, zimepigwa marufuku kuingizwa Japani, na zenye kodeini zina masharti. Umeme ni volti 100 na plagi ni ya pini mbili bapa. Chaja za simu zitafanya kazi mkipata kiunganishi, pasi ya nywele ya volti 230 iacheni nyumbani. Pasipoti hutembea na mwenyewe kila saa, kwa kuwa sheria yao inamtaka mgeni awe nayo. Mabafu ya maji ya moto ya onsen huogwa bila nguo, wanaume mbali na wanawake mbali, na mengi hayapokei mtu mwenye chale za rangi mwilini. Ikiwa kati yenu yuko dada atakayetoka harusini na piko mikononi, anaweza kudhaniwa amejichora tatuu. Afadhali mkodi bafu la faragha, ambalo kwa vyovyote litawafaa zaidi watu mliozaliwa Dar es Salaam.

Siku ya tisa acheni mabegi hotelini hadi jioni. Asubuhi nendeni kwenye bustani ya ngome ya Osaka, ambako miti ya sakura ni mingi na nyasi zinatosha watu sita kukaa na chakula cha dukani, kisha mrudi kuchukua mizigo na kupanda treni ya uwanja wa Kansai mkiwa na saa tatu kamili kabla ya ndege. Mweka hazina afunge hesabu humo ndani ya treni. Sarafu hazibadilishwi mkishafika nyumbani, na ile ya yen 500 peke yake ni fedha ya maana. Ninyi sita mnaweza kuzimaliza kwenye mashine za vinywaji za uwanjani.